Chakula cha Chembe Hai Zinazotupatia Chanjo ya Ng'ombe

Mkulima wa skimu, wewe wajua ya kuwa ng'ombe wa gredi hatoi maziwa kwa kupendwa tu. Hutoa maziwa akipata majani ya kutosha, maji safi, chumvi na unga wa nyongeza. Akikosa kimoja katika hivyo, ndoo ya asubuhi huonyesha upesi. Lakini je, wajua ya kuwa hata dawa ya chanjo anayodungwa ng'ombe huyo ilitoka kwa kitu kilicho hai, nacho kililishwa kwa kipimo siku baada ya siku?

Kitu hicho ni chembe hai za mwili, ambazo wataalamu huziita seli. Ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona bila hadubini. Katika maabara huwekwa ndani ya chupa au tangi, nazo hula, hukua, huzaana na hufa kama mifugo yako. Chakula chake ni maji yaliyotiwa vitu vingi kwa kipimo. Katika makala hii tutaeleza maji hayo yana nini, huchaguliwaje, hutumiwaje, na kwa nini jambo hili lakuhusu wewe mwenye ng'ombe watatu au kumi.

KWA NINI SELI ZAHITAJIWA

Magonjwa kama sotoka na ule wa miguu na midomo huletwa na virusi. Kirusi si kama mbegu ya mahindi, ambayo ukiitia katika udongo wenye unyevu itaota. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Hapana budi kiingie ndani ya seli iliyo hai, ndipo kizaane humo. Kwa hiyo mwenye kutaka virusi vingi vya kutengenezea chanjo lazima kwanza awe na seli nyingi zenye afya. Seli ndizo shamba, virusi ndivyo mazao.

Zamani shamba hilo lilikuwa mnyama mzima. Chanjo ya sotoka iliyotumika hapa Kenya kwa miaka mingi ilitokana na virusi vilivyopitishwa katika miili ya mbuzi mpaka vikapungua ukali. Ili kuipata, mbuzi walichinjwa. Tena chanjo hiyo ilikuwa bado kali mno kwa ng'ombe wa aina fulani.

Mabadiliko yalianzia Muguga, karibu na Nairobi. Huko Dkt. Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris waliotesha virusi vya sotoka ndani ya chupa, juu ya seli za figo za ndama. Walivihamisha kutoka chupa hii hadi nyingine mara 90 na zaidi, mpaka vikawa vipole kabisa, lakini bado vyaweza kuuamsha mwili wa ng'ombe ujikinge. Habari za chanjo hiyo zilitolewa mwaka 1962. Ng'ombe aliyedungwa mara moja alipata kinga ya maisha. Mwaka 1999 Dkt. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, haupo tena.

Ushindi huo ulipatikana kwa sababu seli za figo zilikubali kuishi ndani ya chupa, nazo zilikubali kwa sababu zilipewa chakula kilichozifaa.

NDANI YA MAJI YA CHAKULA MNA NINI

Mwilini, seli hupata kila kitu kutoka kwa damu. Ukiitoa seli mwilini na kuiweka katika chupa, wewe ndiwe damu yake. Ukiiweka katika maji matupu itafyonza maji hayo, ivimbe na kupasuka. Ukizidisha chumvi, itanyauka kama jani la kabichi lililonyunyiziwa chumvi. Basi jambo la kwanza ni chumvi kwa kipimo.

Mwaka 1959 daktari mmoja wa Marekani, Harry Eagle, alitoa orodha ya vitu vichache kabisa ambavyo seli za wanyama haziwezi kuishi bila hivyo. Orodha hiyo hutumika hata leo. Katika lita moja ya maji safi huwa na vitu hivi:

Chumvi. Chumvi ya kawaida ni gramu 6.8, yaani kama kijiko kimoja cha chai hivi. Pamoja nayo mna kidogo cha potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na fosfeti. Hayo ni madini yale yale unayoyatafuta katika jiwe la chumvi la ng'ombe wako.

Sukari. Ni glukosi, gramu 1. Hii hutia nguvu, kama wanga katika ugali.

Asidi za amino, namna 13. Hivi ni vipande vidogo ambavyo kwavyo protini zote hujengwa. Seli haiwezi kumeza kipande cha nyama. Yataka protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa.

Vitamini, namna 8. Zahitajiwa kwa kiasi kidogo sana, lakini zikikosekana kazi yote husimama.

Baikaboneti ya sodiamu, gramu 2.2. Hii ni ndugu wa magadi. Kazi yake ni kuzuia maji yasiwe makali kwa uchachu, kwa sababu seli zikila sukari hutoa asidi, kama vile maziwa yakilala yanavyochachuka.

Rangi. Hutiwa rangi kidogo iitwayo fenoli redi. Rangi hii si chakula, ni mlinzi. Maji yakiwa sawa huonekana mekundu. Yakichachuka huwa manjano. Yakipoteza uchachu kupita kiasi huwa ya waridi iliyokolea, karibu na zambarau. Mfanyakazi wa maabara huinua chupa mbele ya taa, akajua hali ya seli kabla hajagusa kitu.

Katika miaka ile ya 1950 na 1960 maabara nyingi za chanjo zilitumia pia chakula rahisi zaidi, na hiki kitakupendeza wewe muuza maziwa. Maziwa yakigandishwa ili kutengeneza jibini, hubaki maji. Katika maji hayo mna protini iitwayo laktalbumini. Protini hiyo ikivunjwavunjwa huwa chakula kizuri cha seli. Iliyeyushwa katika maji ya chumvi, ikaongezwa hamira kidogo kwa ajili ya vitamini, na seli za figo zikastawi.

SERAMU: YA MANUFAA, LAKINI YENYE HATARI

Vitu hivi vyote havikutosha. Seli nyingi zilikaa hai lakini hazikuzaana, mpaka zilipotiwa seramu. Ukikinga damu ya ng'ombe katika chombo ukaiacha igande, yatajitenga maji ya rangi ya manjano. Hayo ndiyo seramu. Ndani yake mna vitu vinavyoiambia seli, "Gawanyika," na vingine vinavyoisaidia kushika ukuta wa chupa. Kwa kawaida hutiwa sehemu 10 katika kila sehemu 100 za maji ya chakula.

Lakini angalia hatari zake. Ng'ombe aliyewahi kuugua ugonjwa akapona, au aliyechanjwa, ana kinga katika damu yake. Kinga hiyo imo pia katika seramu. Ukitumia seramu yake kuoteshea virusi vya ugonjwa ule ule, kinga itavikamata virusi hivyo ndani ya chupa kabla havijaingia katika seli. Chanjo itakosa nguvu, na kosa hilo halionekani kwa macho: chupa ni safi, seli zapendeza, lakini mavuno hakuna. Kwa hiyo seramu lazima ipimwe kwanza. Kwa kazi ya miguu na midomo, husafishwa pia kwa dawa inayoondoa kinga hiyo.

Hatari ya pili ni wadudu waliojificha. Damu ya ndama yaweza kubeba virusi vingine ambavyo havikuonekana ndama alipokuwa hai. Vikipita, vitaingia katika seli, kisha katika chanjo. Hii ndiyo sababu seramu huagizwa kutoka kwa mifugo inayojulikana, huchujwa, hupimwa na kuandikiwa namba ya fungu lake. Kwa sababu ya hatari hizi, na kwa sababu seramu ya ndama ambaye hajazaliwa ni ghali sana, viwanda vingi vya siku hizi hutafuta chakula cha seli kisicho na seramu kabisa.

JINSI YA KUCHAGUA CHAKULA

Huwezi kumpa kuku chakula cha ng'ombe ukategemea mayai. Vivyo hivyo, hakuna maji ya chakula yanayofaa seli zote. Mtaalamu hujiuliza maswali manne kabla ya kuchagua.

1. Seli ni za namna gani? Seli za figo na za ngozi hupenda kushika ukuta wa chupa na kutandaa kama majani ya uwanja. Hizi huridhika na chakula cha Eagle. Seli za damu huelea, nazo zina ulaji mwingine. Kwa hizi hupendelewa chakula kiitwacho RPMI 1640, kilichotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960. Seli za damu ya ng'ombe zenye vijidudu vya homa ya pwani, yaani East Coast Fever yetu, huoteshwa siku hizi katika chakula hicho. Wa kwanza kuziotesha seli za namna hii kwa muda mrefu walikuwa wataalamu wa Muguga, mwaka 1970.

2. Zatakiwa kufanya kazi kiasi gani? Ng'ombe wa lita 5 na ng'ombe wa lita 25 hawalishwi sawa. Duniani kote chanjo ya miguu na midomo hutengenezwa zaidi kwa seli zitokazo katika figo za mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye hamsta. Zilipatikana Glasgow, Uingereza, mwaka 1961. Seli hizi huzaana upesi na huweza kuoteshwa zikielea ndani ya tangi kubwa. Ulaji wake ni mkubwa. Kwa ajili yake chakula cha Eagle kiliongezwa asidi za amino na vitamini mara mbili, na sukari ikapandishwa hadi gramu 4.5 kwa lita.

3. Twataka zikue, au zikae tu? Hapa pana vyakula viwili. Cha kwanza ni cha kukuzia, chenye seramu nyingi. Cha pili ni cha kutunzia, chenye seramu kidogo au kisicho nayo. Seli zikikwisha kujaa chupa, chakula cha kwanza humwagwa, seli huoshwa, ndipo virusi hutiwa pamoja na chakula cha pili. Mkulima naye hubadili ulishaji: ndama wa kukua hulishwa hivi, ng'ombe aliyekaushwa maziwa hulishwa vile.

4. Chombo ni cha namna gani? Chupa iliyofungwa kabisa hutaka baikaboneti kidogo. Chupa yenye kifuniko kilicholegezwa hutaka baikaboneti zaidi, na lazima iwekwe katika kabati lenye hewa ya kaboni dioksidi sehemu 5 katika 100. Mtu akichanganya mambo haya, maji yatageuka zambarau au manjano kwa siku moja, na seli zitakufa ingawa chakula chenyewe kilikuwa kizuri.

JINSI YA KUTUMIA

Kuchagua vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni uangalifu, na humo ndimo hasara nyingi hutokea.

Maji lazima yawe safi kupita maji ya kunywa. Maji ya mto au ya bomba yana madini na mabaki ambayo mtu hayasikii tumboni, lakini seli huyasikia. Kwa hiyo maji huondolewa madini yote kwanza, ndipo madini yanayotakiwa hutiwa kwa mizani.

Maji ya chakula yakikwisha kuchanganywa hayapikwi ovyo. Moto mkali huharibu baadhi ya vitamini na asidi za amino. Badala yake hupitishwa katika chujio lenye matundu madogo sana, ambayo bakteria hawezi kupenya. Hapo ndipo yawa safi bila kuungua.

Hayawekwi muda mrefu. Asidi moja ya amino, glutamini, huharibika polepole hata katika baridi ya friji, na ikiharibika hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa seli. Kwa hiyo glutamini hutiwa siku za karibu na kutumiwa, na kila chupa huandikwa tarehe.

Hupashwa joto kabla ya kutumiwa, kwa maana seli za wanyama hukaa katika digrii 37 za Selsiasi, sawa na joto la mwili.

Chakula hakibadilishwi kwa ghafla. Ukimtoa ng'ombe katika nyasi kavu ukamtia mara moja katika majani mabichi ya mvua, atavimba tumbo. Seli nazo hufanyiwa taratibu: robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, huku zikiangaliwa kwa hadubini kila siku.

Dawa za kuua bakteria, kama penisilini na streptomisini, hutiwa mara nyingi, lakini si badala ya usafi. Kuna vijidudu viitwavyo maikoplasma ambavyo penisilini haviwezi. Hivyo hula chakula cha seli kimyakimya, wala maji hayawi na ukungu wa kumwonya mtu. Mfanyakazi anayetegemea dawa kuficha uchafu wake ni kama mkamuaji asiyeosha kiwele kwa sababu kuna dawa ya maziwa katika duka.

Mwisho, kila jambo huandikwa daftarini: fungu la seramu, tarehe ya kuchanganya, rangi iliyoonekana, idadi ya seli. Chanjo ikionekana dhaifu, daftari ndilo litakalosema kosa lilipotoka.

HAYA YAKUHUSU NINI WEWE

Hapa Kenya chanjo ya miguu na midomo hutengenezwa Embakasi, Nairobi, na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo. Sasa umejua kwamba kila chupa imepita katika kazi ndefu ya kulisha, kupima na kulinda. Yapo mambo manne ya kushika.

Kwanza, usiiharibu mwishoni kazi iliyolindwa tangu mwanzo. Chanjo hii hukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Jua huiharibu. Barafu nayo huiharibu ikiganda. Chanjo ikiletwa katika skimu yenu, iacheni katika sanduku lake la baridi mpaka ng'ombe wa mwisho awe tayari katika kiyuzi. Msingoje mpaka chanjo ifike ndipo muanze kutafuta ng'ombe malishoni.

Pili, usifikiri kwamba kuchanja mara moja kumetosha. Chanjo ya sotoka ilikuwa ya virusi hai vilivyopunguzwa ukali, ndiyo maana kinga yake ilidumu. Virusi vya chanjo ya miguu na midomo huuawa kwa dawa kabla ya kutiwa katika chupa, kwa sababu kuviacha hai ni hatari. Virusi vilivyokufa haviuzoezi mwili kwa muda mrefu. Kwa sababu hii ng'ombe huchanjwa tena, kwa kawaida kila miezi 6, na yule anayechanjwa mara ya kwanza yafaa arudiwe mapema kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Tena ugonjwa huu una namna kadhaa, nazo hazikingani. Zile zinazochanjwa hapa kwetu ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Ng'ombe mwenye kinga ya moja aweza kuugua nyingine.

Tatu, usiogope uvimbe mdogo mahali pa sindano. Chanjo husafishwa, lakini mabaki madogo ya chakula cha seli huweza kubaki, na ng'ombe mmoja mmoja mwili wake huyakataa. Ukiona mnyama anavimba uso, ana mabaka mwilini au anapumua kwa shida baada ya kudungwa, mwite daktari wa mifugo mara moja. Usimpe dawa za kienyeji ukingoje kesho.

Nne, chanjeni pamoja. Ng'ombe wa skimu hunywa mto mmoja na hupita njia moja kwenda josho. Jirani asiyechanja huuweka ugonjwa mlangoni pa wote. Ukiingia, maziwa hupungua, ndama hufa, karantini hufunga soko, na wewe uliyechanja utakosa kuuza pamoja na yule asiyechanja. Mkopo wa shamba haungoji karantini iishe.

Pengine utauliza, "Kwa nini serikali au chama kisituruhusu kununua chanjo ya bei rahisi kutoka kwa mtu yeyote apitaye na sanduku?" Jibu lake umekwisha kulisoma. Kwa macho, chupa ya chanjo iliyotokana na seli zilizolishwa vizuri na chupa iliyotokana na seramu yenye kinga huwa sawa kabisa. Tofauti huonekana siku ugonjwa unapoingia bomani. Nunua chanjo iliyopimwa, yenye namba ya fungu na tarehe ya mwisho wa kutumika, na idungwe na mtu aliyeruhusiwa.

Fika kwa Afisa wa Mifugo wa wadi yako uulize siku ya chanjo inayofuata. Andika tarehe hiyo ukutani, na kila ng'ombe umwandike daftarini kwa jina lake na siku aliyodungwa. Maabara huweka daftari la seli. Wewe weka la ng'ombe. Madaftari hayo mawili yakiwa sawa, maziwa yako yatafika kwa chama mwaka mzima.